Kibali cha ujenzi hukwama kwenye kiwanja, si kwenye ramani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wanaojiandaa kujenga nyumba za kuishi mijini. Kila masika yakikatika, kaunta za ardhi na ujenzi katika halmashauri hujaa watu wenye ramani zilizokunjwa kwapani, na wengi huondoka na jibu lilelile: rudi ukarekebishe. Lawama zote huelekezwa kwa ofisi. Zipo ofisi zinazostahili lawama na nitazigusa, lakini faili nyingi hukwama kwa kasoro iliyokuwamo tangu siku ya kwanza. Mwombaji amenunua ramani ya nyumba, hana mchoro unaoonyesha nyumba hiyo ikiwa imekaa juu ya kiwanja chake.

Kwanza tuelewane kinachoombewa. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri ya jiji, manispaa au mji. Kuendeleza si kujenga nyumba mpya peke yake. Uzio, banda la uani, chumba cha kuongeza, sebule inayogeuzwa duka, hata kubomoa, vyote vina kibali chake. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanaweza kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi na kwamba hawajui mgogoro wowote juu ya kiwanja chako. Muhuri wao unaishia hapo. Watu wengi huitunza karatasi ya mtaa wakidhani ndiyo kibali, mpaka siku ukuta unapopakwa X nyekundu ya kubomolewa.

Anza na karatasi za umiliki, maana ndizo hukaguliwa kabla ya mchoro wowote. Kinachotakiwa ni hati ya kumiliki ardhi au barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja kabla hati haijatoka), pamoja na ile ramani ndogo ya upimaji inayoambatana na hati, yenye vipimo vya kila upande na namba za bikoni (alama za mipaka zilizochomekwa ardhini). Jina lililo kwenye hati, jina lililo kwenye fomu na jina lililo kwenye kona ya mchoro yawe moja, herufi kwa herufi. Kiwanja ulichonunua juzi kwa mkataba wa mauziano bado kiko kwa muuzaji katika kumbukumbu za ardhi hadi uhamisho wa miliki ukamilike. Ukiwasilisha mkataba ule peke yake uwe tayari kuulizwa, hasa kama muuzaji mwenyewe naye hakuwahi kuhamisha. Kiwanja cha marehemu kinahitaji barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na msimamizi ndiye anayesaini. Makubaliano ya kikao cha ukoo hayatoshi, hata kama ndugu wote wameweka dole gumba.

Ambatisha pia risiti ya kodi ya pango la ardhi. Hapa watu huchanganya mambo: kodi inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu mwaka 2021 ni kodi ya jengo, na haina uhusiano na kodi ya pango la ardhi inayolipwa kwa ajili ya kiwanja. Mtu anaweza kuwa amekatwa kwenye umeme kila mwezi na bado akadaiwa pango la miaka kadhaa.

Walio kwenye maeneo yasiyopimwa wana ugumu wa aina yake. Mhandisi akitaka kujua kama nyumba yako itaziba barabara iliyopangwa, lazima awe na mchoro wa mipango miji wa kulinganisha, na mchoro huo haupo. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwao ni urasimishaji, yaani mchoro wa mipango upitishwe na viwanja vipimwe. Kumpa mchoraji fedha kabla ya hapo ni kumlipa achore nyumba juu ya mipaka inayoweza kusogea.

Ukishakuwa na karatasi mkononi, usikimbilie kuchora seti nzima. Nenda kwa afisa mipango miji na nakala ya hati na karatasi moja tu yenye mchoro wa awali, hata wa penseli, unaoonyesha kiwanja na pale unapotaka nyumba ikae. Muulize matumizi yaliyopangiwa kiwanja hicho. Muulize kiko katika kundi gani la ujazo, yaani eneo hilo limepangiwa nyumba zibanane au ziachane kiasi gani, maana umbali wa kuacha mbele, nyuma na pembeni hutegemea hilo, na pia eneo la kiwanja linaloruhusiwa kufunikwa na jengo. Muulize kama kuna barabara, mto, laini kubwa ya umeme au bomba kuu linalopita jirani. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Majibu hayo yaandikwe juu ya mchoro wako wa awali. Mabadiliko ya penseli hayana gharama, lakini mchoro uliokamilika ukirudishwa kwa sababu nyumba imekaa mita moja mbele kuliko inavyoruhusiwa, unarudiwa wote pamoja na msingi na paa lake.

Sasa mchoro wenyewe wa kiwanja. Ndio unaobeba maombi yote, na ndio wachoraji wengi huufanya mwisho kwa haraka, kisanduku kidogo kwenye kona ya karatasi. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, eneo lake mita za mraba 600. Nyumba ni mita 12 kwa 15, mita za mraba 180. Imefunika asilimia 30 ya kiwanja. Mwenye nyumba hakutaja banda la uani la mita 4 kwa 9 kwa kuwa atalijenga baadaye. Likiongezwa, eneo lililofunikwa linakuwa mita za mraba 216, asilimia 36. Kama nyumba kubwa itakuwa na ghorofa moja juu, jumla ya sakafu zote ni mita za mraba 396 (180 mara mbili, pamoja na 36 za banda), na uwiano wa sakafu kwa kiwanja ni 0.66. Hesabu hizi mbili, asilimia ya kufunika na uwiano wa sakafu, ziandikwe kwenye mchoro pamoja na matumizi ya jengo na idadi ya magari yatakayoegeshwa. Banda lichorwe tangu mwanzo. Lisipochorwa, litahitaji ombi lake baadaye, na huenda nafasi ikawa imekwisha.

Upana wa nyumba ile ni mita 12 katika kiwanja cha mita 20, kwa hiyo mita 8 zimebaki za kugawa pande mbili. Ukiacha mita 3.5 upande mmoja ili gari lipite kwenda nyuma, upande wa pili unabaki na 4.5. Hilo linaonekana rahisi hadi uangalie paa. Ukuta ulio mita 1.5 kutoka mpakani, wenye paa lililochomoza sentimita 75, unamwaga maji sentimita 75 tu kutoka kwa jirani, na mvua ya upepo inayavusha. Mchoro uonyeshe ukingo wa paa kwa mistari ya nukta, gata zilipo, na maji ya mvua yanakoelekea. Ugomvi mwingi wa majirani unaofikishwa mtaani huanzia kwenye maji haya, na afisa afya analijua hilo. Ndiyo maana hulitafuta.

Halafu vipimo. Kiwanja halisi mara chache ni mstatili kamili. Ramani ya upimaji inaweza kusema mbele mita 19.7, nyuma 20.4, upande mmoja 30.1 na mwingine 28.9, huku mchoraji akiandika 20 kwa 30 kwa kuwa ndivyo mwenye nyumba alivyomwambia kwenye simu. Mkaguzi akilinganisha karatasi hizo mbili, faili linarudi, na ni haki lirudi. Mchoro ufuate ramani ya upimaji, uonyeshe kaskazini, namba za bikoni, barabara na upana wake, lango, na umbali kutoka kila kona ya nyumba hadi mpaka ulio karibu nayo. Kizio cha 1:200 kinatosha kwa viwanja vingi vya makazi. Nyumba yenyewe huchorwa kwa 1:100, na mkato wake (nyumba ikionyeshwa kama imepasuliwa wima) kwa 1:50 ili unene wa jamvi (zege la sakafu), kimo cha linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na muundo wa kenchi (fremu zinazobeba paa) visomeke.

Maji taka ndiyo sehemu nyingine inayorudisha faili. Penye mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji, onyesha bomba linavyoungwa. Pasipo na mtandao, onyesha karo (tangi la maji taka lililo ardhini) na shimo la kunyonyea (maji yake yanakoishia udongoni), umbali wake kutoka kwenye nyumba, mpaka na kisima, na njia ya gari la kunyonya. Karo lililofungiwa nyuma ya nyumba pasipo pa kupitisha hata mpira wa gari litajaa siku moja, na hapo ukuta utavunjwa. Suala la kisima ni zito zaidi. Kipimo kinachotumiwa sana na watu wa afya ni mita 30 kati ya shimo la maji taka na kisima. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 30, mstari mrefu kuliko yote, kutoka kona hadi kona ya mshazari, ni mita 36. Maana yake kisima na shimo vinaweza kukaa kiwanja kimoja kwa shida tu, kila kimoja kwenye kona yake, na bado shimo la jirani halijahesabiwa. Anayetaka kisima kwenye kiwanja cha namna hiyo aende kuangalia kwanza majirani wamechimba wapi.

Kwa nyumba ya chini, yaani isiyo na ghorofa, seti tatu za michoro ya jengo ndizo huombwa kwa kawaida. Ghorofa huongezewa michoro ya mihimili, kwa kawaida seti mbili, yenye saini na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Michoro ya jengo nayo ibebe jina, ujuzi na anwani ya aliyeichora, na kwa ghorofa muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Muhuri wa kuazima ni hatari kubwa. Mhandisi aliyeuza muhuri hajawahi kuuona udongo wako. Udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi uliochorwa kwa ajili ya kichanga cha pwani hauwezi kuubeba. Kwa ghorofa, chimbisha mashimo ya kupima udongo kabla mhandisi hajakaa kuchora.

Mkaguzi mzoefu hutazama ngazi kwanza, kwa sababu ngazi husema kama michoro imefikiriwa au imenakiliwa. Chukua sakafu hadi sakafu mita 3.15. Kwa kipandio (kimo cha kila hatua) cha sentimita 17.5 unahitaji vipandio 18. Zikinyooka moja kwa moja, zina vikanyagio (sehemu za kuweka mguu) 17, kwa kuwa cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe, na kila kimoja kikiwa sentimita 25 urefu wake ni mita 4.25. Zikikunjwa katikati, vipandio tisa kwa tisa, kila upande una vikanyagio vinane, mita 2, na kibaraza cha kugeukia mita 1, jumla mita 3. Ramani nyingi zinazopakuliwa mtandaoni zina ngazi za vipandio 12 ndani ya nafasi ya mita 2.5. Ngazi hiyo haifiki juu. Fundi atalazimika kuongeza vipandio akiwa kazini, atakata boriti ili kichwa kipite, na hapo michoro ya mihimili itakuwa imekufa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nyumba inayoombewa kibali cha chini huku mwenyewe akikusudia kupanda juu. Utaona nondo zimeachwa zimechomoza juu ya mkanda, zikila kutu miaka mitatu. Kibali cha nyumba ya chini kinahusu msingi wa nyumba ya chini. Kama nia ni ghorofa, iombe ghorofa leo, msingi na nguzo zipigiwe hesabu ya ghorofa, kisha ujenge kwa awamu kadiri mfuko unavyoruhusu. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua tena. Nyumba ya familia ni ndogo kuliko hizo, lakini zege haliangalii ukubwa wa jengo. Linabeba kile lilichopigiwa hesabu.

Fremu za maduka mbele ya nyumba pia zinahitaji neno. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu kipo kando ya barabara yenye watu. Kuna ombi la kubadili matumizi ya ardhi, linalotangazwa ili majirani wenye pingamizi waseme, na linatangulia ombi la ujenzi. Anayechora fremu kisha akaandika “stoo” kwenye mchoro anajidanganya. Mkaguzi anajua stoo haina milango minne ya chuma inayotazama barabarani.

Maombi siku hizi huingia pia kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri), na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu unayopewa. Ada hutofautiana kati ya halmashauri na aina ya jengo, kwa hiyo uliza ya kwako, na usimpe mtu fedha taslimu kwenye korido. Michoro ya kupakia itoke moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea. Mchoro uliopigwa picha kwa simu hausomeki vipimo, na aliyekaa mbele ya kompyuta ataurudisha bila hata kuangalia nyumba.

Baada ya kuwasilishwa, faili hupita kwa watu wa ardhi, mipango miji, afya na uhandisi, na kwa majengo makubwa zimamoto na mazingira, kisha hufikishwa kwenye kikao cha kupitisha. Wanakuja pia kuona kiwanja. Siku hiyo bikoni zionekane. Zikiwa zimefukiwa au kung’olewa, muite mpima aliyesajiliwa azirudishe. Usikubali kabisa fundi apime kwa kuanzia ukuta wa jirani. Jirani akiwa amekosea sentimita 60, nawe utakosea sentimita 60, na wa tatu hivyohivyo, hadi mtu wa mwisho mtaani anakosa njia.

Kibali kikitoka, soma tarehe na masharti yaliyoandikwa nyuma yake. Kina muda, na hati ya ardhi nayo ina masharti yake ya kuendeleza, ambayo kwa kawaida hutaka ujenzi ukamilike ndani ya miezi 36. Nakala ya michoro iliyopigwa muhuri ikae kazini, si kabatini. Ukitaka kumwaga mchanga na kokoto barabarani au kuzungushia mabati kwenye hifadhi ya barabara, hicho ni kibali kingine kidogo. Na ukibadili kitu, hata kusogeza choo, peleka mchoro wa marekebisho kabla ya kujenga.

Kisha ukaguzi wa hatua kwa hatua: mtaro wa msingi, jamvi, linta, paa, umaliziaji. Kazi ya mwenye nyumba ni kutoa taarifa kabla ya kumwaga zege, siku za kutosha kabla. Mkaguzi anataka kuona mtaro ukiwa mkavu na safi, kina kilichofika udongo mgumu, nondo zikiwa zimeinuliwa kwa vibiskuti vya zege badala ya kulala juu ya udongo, na pembe zikiwa za mraba. Kwa nyumba ya mita 12 kwa 15, kamba za mshazari zote mbili zisome mita 19.21. Zikitofautiana, nyumba imepinda, na kurekebisha kamba ni kazi ya nusu saa. Zege likishamwagwa usiku kabla ya mkaguzi kufika, hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomo isipokuwa kwa kutoboa au kuvunja. Fundi anayesema “tukimaliza watakuja kuona” anamwaga fedha yako.

Sasa kwa wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa idara. Mwombaji anapoambiwa wiki hii jina halifanani, akirekebisha anaambiwa karo liko karibu na mpaka, akirekebisha anaambiwa ngazi, huyo amezungushwa hata kama kila kasoro ni ya kweli. Kasoro zote zitajwe mara moja, kwa maandishi, zikiwa na saini ya aliyezitaja. Faili lipite kwa wataalamu wote siku hizohizo badala ya kulala juu ya meza moja likisubiri ya pili. Umbali wa kuacha mpakani kwa kila kundi la ujazo, orodha ya viambatanisho na ada zibandikwe ukutani kwa Kiswahili chenye maandishi makubwa, na wachoraji wa mitaani waitwe wapewe nakala, kwa kuwa hao ndio huzungumza na mjenzi kabla yenu.

Na mkaguzi akiitwa kuona msingi, afike siku aliyoahidi. Mtaro uliochimbwa hausubiri. Mvua moja ikinyesha, kingo zinaporomoka, tope linakaa chini, na mafundi wanalipwa siku nzima kwa kuutoa tope kabla kazi haijaendelea.

Mhandisi wa majengo,
Morogoro